Hospitali Haiwezi Kusubiri Miaka Thelathini



Safari hii ukurasa wetu wa hesabu unaingia hospitalini. Mfikirieni bibi mmoja aliyeamka na maumivu ya kifua. Anafika mapokezi, anaandikishwa. Anakwenda kwa daktari. Daktari anamtuma maabara akapimwe damu, kisha akapigwe picha ya eksirei. Anarudi kwa daktari na majibu, na mwisho anakwenda kwenye dirisha la dawa. Kama maabara iko mwisho wa ukumbi mrefu na chumba cha eksirei kiko upande wa pili wa jengo, bibi huyu atatembea sana siku ambayo hana nguvu za kutembea. Sasa zidisha mwendo wake kwa wagonjwa wote wa siku hiyo, halafu kwa siku zote za mwaka.

Swali letu ni hili: nani aliamua maabara iwe pale? Je, kuna namna ya kupanga vyumba ili watu watembee kidogo kuliko namna nyingine zote? Swali linaonekana jepesi. Ukweli ni kwamba limewasumbua wataalamu wa hesabu tangu katikati ya karne iliyopita. Njia walizozipata za kulikabili zinaweza kuwafaa hata ninyi, mkipanga meza za harusi au vyumba vya shule.

Tatizo lina umri gani?

Mwaka 1957 wachumi wawili, Tjalling Koopmans na Martin Beckmann, waliliandika tatizo hili kwa lugha ya hesabu. Wao walikuwa wakifikiria viwanda: una viwanda kadhaa na viwanja kadhaa, na bidhaa zinasafirishwa kutoka kiwanda kimoja hadi kingine. Kipi kijengwe wapi ili gharama ya usafiri iwe ndogo?

Haikuchukua muda watu wakaona kwamba hospitali ni tatizo lilelile. Mwaka 1972 wapangaji wa Klinikum Regensburg, hospitali kubwa ya Ujerumani, walikuwa na sehemu 30 za kuzipatia mahali. Mwaka 1977 mtafiti Alwalid Elshafei alichapisha makala kuhusu hospitali ya Cairo, Misri, iliyokuwa na sehemu 19 ambazo wagonjwa walikuwa wakizunguka kati yake. Tatizo la Regensburg lilingoja karibu miaka 30 kabla ya wataalamu kuweza kuthibitisha kwamba wamepata mpangilio ulio bora kabisa kwa takwimu zile. Hospitali haikungoja, maana wagonjwa hawawezi kuambiwa warudi baada ya miaka 30.

Ndiyo maana kuna njia za kukaribia. Hazikuahidi jibu bora kuliko yote. Zinakupa jibu zuri leo, jengo likiwa bado kwenye karatasi.

Mambo mawili yanayolifanya liwe gumu

Jambo la kwanza ni kwamba tunashughulika na namba kamili. Jiko haliwezi kuwa nusu katika chumba cha pili na nusu katika chumba cha tatu. Ama lipo, ama halipo. Mtu anaweza kusema: basi tufanye hesabu kwa desimali, kisha tuikate mwishoni. Tujaribu. Watoto 38 wanakwenda matembezi, na kila basi dogo lina viti 16. Ukigawanya unapata mabasi 2.375. Namba kamili iliyo karibu zaidi ni 2. Ukikodi mabasi 2, watoto 6 watabaki wamesimama barabarani. Hapo kosa linaonekana haraka. Katika tatizo lenye mamia ya maamuzi ya ndiyo na hapana, kukata desimali kunaweza kukupeleka kwenye jibu baya, au jibu lisilowezekana kabisa, bila wewe kuliona.

Jambo la pili ni kwamba gharama hapa haifuati mstari ulionyooka. Ukienda sokoni na embe moja ni shilingi 500, embe mbili ni shilingi 1,000, na bei ya embe haibadiliki kwa sababu umenunua pia ndizi. Hesabu ya namna hiyo tunaiita ya mstari: kila kitu kina bei yake, unajumlisha. Sasa fikirieni kupanga wageni wa harusi mezani. Je, ni vizuri shangazi akae meza ya tatu? Huwezi kujibu mpaka ujue nani mwingine amekaa meza ya tatu. Uzuri wa kiti cha shangazi unategemea kiti cha jirani yake. Vivyo hivyo hospitalini: maabara haiko mbali wala karibu yenyewe peke yake, iko mbali na kitu fulani. Uamuzi mmoja unazidishwa kwa uamuzi mwingine, na hapo mstari unapinda.

Kwa nini tusijaribu mipangilio yote?

Kwa vyumba vinne inawezekana. Kitu cha kwanza kina nafasi 4, cha pili kinabakiwa na 3, cha tatu 2, cha mwisho 1. Zidisha: 4 × 3 × 2 × 1 = 24. Mchana mmoja na kalamu vinatosha.

Kwa vyumba 10 mipangilio inafika 3,628,800. Kompyuta inaiweza. Kwa vyumba 20 inapita trilioni milioni mbili. Hata kompyuta inayojaribu mipangilio bilioni moja kila sekunde ingehitaji kama miaka 77. Mtoto anayezaliwa leo angekuwa mzee siku jibu linapotoka. Kwa vyumba 30, kama ilivyokuwa Regensburg, kompyuta hiyohiyo ingehitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu mzima zaidi ya mara laki sita.

Wataalamu wana njia za kuruka mafungu makubwa ya mipangilio bila kuijaribu mmoja mmoja, na wamefika mbali. Lakini mwaka 1976 Sartaj Sahni na Teofilo Gonzalez walionyesha kwamba tatizo hili liko katika kundi la matatizo magumu ambayo hakuna aliyeyapatia njia ya haraka ya uhakika. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Anayekataa kila kitu ila jibu lililo kamili anaweza kubaki bila jibu lolote.

Shule ya vyumba vinne

Tuchukue mfano mdogo tuufanye kwa mikono. Shule ya Jumamosi imekodi jengo lenye vyumba vinne vilivyopangana kwa mstari mmoja. Inataka kuweka vitu vinne: Mapokezi (M), Jiko (J), Ukumbi wa kulia (U) na Darasa la watoto wadogo (D). Walimu wamehesabu safari ambazo watu hufanya kila saa:

Jiko na Ukumbi: safari 10, kwa sababu ya chai, maandazi na sahani.
Mapokezi na Darasa: safari 5, wazazi wakileta na kuchukua watoto.
Mapokezi na Jiko: safari 2.
Ukumbi na Darasa: safari 2.
Mapokezi na Ukumbi: safari 1.
Jiko na Darasa: safari 1.

Kutoka chumba kimoja hadi cha jirani tutahesabu umbali wa 1. Ukiruka chumba kimoja ni 2. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni 3. Kwa kila jozi tunazidisha safari kwa umbali, kisha tunajumlisha. Jumla hiyo tuiite mwendo. Tunataka mwendo mdogo.

Tuanze na mpangilio ambao wengi wangeuchagua, M, J, U, D: mapokezi mlangoni, jiko na ukumbi katikati, darasa la wadogo mwisho kwenye utulivu.

Mapokezi na Jiko: 2 × 1 = 2
Mapokezi na Ukumbi: 1 × 2 = 2
Mapokezi na Darasa: 5 × 3 = 15
Jiko na Ukumbi: 10 × 1 = 10
Jiko na Darasa: 1 × 2 = 2
Ukumbi na Darasa: 2 × 1 = 2

Mwendo wote ni 33.

Mtego wa bonde dogo

Njia rahisi kuliko zote za kukaribia ni hii: anza na mpangilio wowote, badilishana vitu viwili vilivyo jirani, pima. Mwendo ukipungua, shika mpangilio mpya. Usipopungua, rudisha. Endelea mpaka hakuna mabadilishano yanayosaidia.

Tuijaribu. Kutoka M, J, U, D tuna mabadilishano matatu tu ya majirani:

Kubadilisha M na J kunatoa J, M, U, D, mwendo 38.
Kubadilisha J na U kunatoa M, U, J, D, mwendo 35.
Kubadilisha U na D kunatoa M, J, D, U, mwendo 38.

Yote matatu ni mabaya kuliko 33. Njia yetu inasimama na kutangaza kwamba imemaliza. Lakini tazameni mpangilio huu: M, D, J, U. Mapokezi na Darasa 5, Mapokezi na Jiko 4, Mapokezi na Ukumbi 3, Darasa na Jiko 1, Darasa na Ukumbi 4, Jiko na Ukumbi 10. Jumla ni 27.

Kumbe 33 haikuwa mwisho. Fikirieni gololi kwenye sinia lililobonyeabonyea. Gololi inashuka mpaka kwenye kijibonde cha kwanza inachokikuta, kisha inatulia. Pembeni yake kuna bonde lenye kina zaidi, lakini ili kulifikia gololi lazima kwanza ipande ukingo, nayo haiwezi kupanda yenyewe. Mpangilio wa 33 ni kijibonde. Unaonekana mzuri kwa sababu majirani zake wote ni wabaya kuliko wenyewe.

Tazameni pia ukingo ulipo. Kutoka 33 badilisha U na D, unapanda hadi 38. Kutoka hapo badilisha J na D, unateremka hadi 27. Hatua moja mbaya ndiyo ilikuwa mlango wa jibu zuri. Wahenga wanasema mpanda ngazi hushuka, na kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumwonya mwenye majivuno. Katika hesabu hizi inafaa pia kama maelekezo: anayetaka kufika mahali pazuri zaidi akubali kuacha kwanza pale alipofika.

Njia tatu za kutoka bondeni

Njia ya kwanza ni kuanza upya. Changanya karatasi nne, zipange bila kuangalia, kisha teremka tena. Rudia mara nyingi na ushike jibu dogo kuliko yote uliyoyapata. Katika mfano wetu, mipangilio 8 kati ya 24 ina mwendo wa 27, kwa hiyo bahati haiko mbali. Kwa vyumba 30 mabonde madogo ni mengi mno, na kuanza upya peke yake kunachosha hata kompyuta.

Njia ya pili imetoka kwa mhunzi. Mhunzi akitaka chuma kisiwe kigumu cha kuvunjika, hukipasha moto mpaka kiwe chekundu, kisha hukiacha kipoe taratibu. Kikiwa na moto, chembe zake zina uhuru wa kuhama. Kinavyopoa polepole, kila chembe inapata mahali pake pa kutulia. Mwaka 1983 Scott Kirkpatrick, Daniel Gelatt na Mario Vecchi walichapisha makala wakionyesha kwamba kompyuta inaweza kutafuta mipangilio kwa kuiga upoaji huo. Vladimír Černý alifikia wazo hilohilo peke yake.

Inafanya kazi hivi. Hatua inayopunguza mwendo inakubaliwa siku zote. Hatua inayoongeza mwendo inakubaliwa kwa bahati nasibu, na bahati hiyo inategemea mambo mawili: hatua ni mbaya kiasi gani, na joto ni kiasi gani sasa. Joto hapa ni namba tu tunayoipunguza kidogo kidogo. Chukueni hatua yetu ya kutoka 33 kwenda 38, iliyo mbaya kwa 5. Joto likiwa 10, hatua hiyo itakubaliwa kama mara 61 katika 100. Joto likiwa 5, kama mara 37 katika 100. Joto likishuka hadi 1, haifiki hata mara 1 katika 100. Mwanzoni kompyuta inatembea ovyo, inaruka kingo na kuona nchi nzima. Baadaye inatulia na kuchimba pale ilipo. Ni kama kulitikisa lile sinia la gololi kwa nguvu, halafu polepole, halafu kuliacha. Ukipoza haraka mno, gololi inanasa kwenye kijibonde. Haraka haraka haina baraka.

Njia ya tatu ina jina linaloweza kutuchanganya Waswahili. Fred Glover, aliyeipa jina mwaka 1986, aliiita kwa neno ambalo Kiingereza kililipata kutoka visiwa vya Tonga katika bahari ya Pasifiki, neno linalosikika kama "tabu". Lakini tabu yetu ni shida na usumbufu, na imetoka kwenye Kiarabu. Neno la Tonga maana yake ni kitu kilichokatazwa, na kwa Kiswahili kitu kilichokatazwa ni mwiko. Kwa hiyo tuiite njia ya mwiko. Na wadogo wasidhani tunazungumzia mwiko wa kusongea ugali!

Kanuni yake ni hii: kila mara chagua jirani aliye bora kuliko majirani wote, hata kama ni mbaya kuliko pale ulipo. Lakini hatua uliyotoka kuifanya inakuwa mwiko kwa muda, usiigeuze. Bila mwiko ungepanda ukingo na kurudi palepale, kupanda na kurudi, milele.

Tuifuate. Tuko 33, M, J, U, D. Jirani aliye bora ni M, U, J, D mwenye 35. Tunakwenda huko, na kubadilishana J na U kunakuwa mwiko. Majirani waliobaki wote wawili ni 40. Tunachagua M, U, D, J, tukiwa sasa pabaya kuliko tulipoanza, na kubadilishana D na J nako kunaingia kwenye orodha ya mwiko. Kisha tunabadilisha U na D, tunapata M, D, U, J, mwendo 27. Tumetoka 33 kwenda 35, 40, kisha 27. Aliyekata tamaa kwenye 40 asingeona 27.

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini tubadilishe majirani tu? Tungebadilisha J na D moja kwa moja kutoka mpangilio wa kwanza, tungefika 27 kwa hatua moja. Ni kweli, na ni mbinu nzuri: kupanua ujirani. Lakini kwa vyumba 30 kuna jozi 435 za kupima kila hatua, na hata hapo mabonde madogo hayaishi. Kwa hiyo wataalamu huchanganya mbinu hizi zote.

Tutajuaje kama jibu ni zuri?

Hili ndilo swali la mtu mwaminifu. Njia ya kukaribia inaweza kukupa jibu na kukuacha hujui kama uko karibu na bora au mbali nalo. Dawa yake ni kutafuta sakafu: namba ambayo hakuna mpangilio unaoweza kwenda chini yake.

Katika shule yetu sakafu inapatikana kwa dakika moja. Vyumba vinne kwa mstari vina jozi tatu zenye umbali wa 1, jozi mbili zenye umbali wa 2, na jozi moja yenye umbali wa 3. Safari zetu ni 10, 5, 2, 2, 1 na 1. Hata tukiwa na bahati kubwa kabisa, safari nyingi zingepata umbali mfupi: 10 × 1, 5 × 1, 2 × 1, kisha 2 × 2, 1 × 2, na 1 × 3. Jumla ni 26. Huenda hakuna mpangilio unaotimiza bahati hiyo yote, lakini hakuna kabisa unaoweza kuishinda.

Sasa tunaweza kuzungumza kwa uhakika. Mwenye 33 anajua kwamba huenda anapoteza mpaka 7. Mwenye 27 anajua kwamba hata akitafuta mwaka mzima hawezi kuokoa zaidi ya 1. Anaweza kuweka kalamu chini na kwenda kupanga viti.

Kuna kisa kinachoonyesha nguvu ya njia hizi. Tangu mwaka 1968 wataalamu walikuwa na tatizo la majaribio lenye sehemu 30, lililotungwa na Nugent, Vollmann na Ruml. Njia za kukaribia zilikuwa zimeshapata mpangilio wenye gharama 6124, lakini hakuna aliyeweza kuapa kwamba hakuna mdogo zaidi. Mwaka 2000 Kurt Anstreicher, Nathan Brixius, Jean-Pierre Goux na Jeff Linderoth waliunganisha mamia ya kompyuta zilizokuwa sehemu mbalimbali, zikapiga hesabu kwa muda wa wiki moja hivi. Jibu lilipotoka, lilikuwa 6124. Kompyuta zote zile hazikupata mpangilio bora zaidi. Zilithibitisha tu kwamba njia za kukaribia zilikuwa zimeshafika.

Tusidanganyike, si kila mara mambo huishia hivyo. Lakini tofauti ya kazi hizo mbili inafaa kukumbukwa. Kupata jibu zuri ni kazi moja, kuthibitisha kwamba hakuna zaidi ni kazi nyingine, na mara nyingi ya pili ndiyo ghali.

Kompyuta haijui nani amechoka

Tunamaliza na jambo ambalo hesabu peke yake haliamui. Katika mfano wetu, walimu ndio waliohesabu safari. Je, wangehesabu safari za walimu tu, bila wazazi? Zile 5 za Mapokezi na Darasa zingepungua, na njia zetu zote zingetafuta kwa bidii jibu zuri la swali jingine. Hospitalini ni vivyo hivyo. Ukihesabu hatua za madaktari na usihesabu za wagonjwa, utapata jengo linalowapumzisha madaktari. Ukihesabu safari ya bibi anayeegemea ukuta sawa na safari ya kijana anayebeba faili, kompyuta itawaona sawa. Ukiamua hatua ya mgonjwa ihesabiwe mara tatu, mpangilio utabadilika.

Kwa hiyo siku mtakapokuwa wahandisi, madaktari au madiwani katika nchi yoyote mtakayoishi, na mtu akawaonyesha mpangilio akisema "kompyuta ndiyo iliyochagua", mwulizeni maswali matatu. Mlihesabu safari za nani? Sakafu ni ngapi, na ninyi mko juu yake kwa kiasi gani? Je, mlijaribu kutoka kwenye bonde, au mlisimama kwenye la kwanza?

Zoezi la nyumbani

Kateni karatasi nne, andikeni M, J, U, D, zipangeni mezani. Safari za Jiko na Darasa zimeongezeka kutoka 1 hadi 6, kwa sababu watoto wadogo wameanza kupewa uji. Safari nyingine zote zibaki kama zilivyo.

1. Tafuteni sakafu mpya.
2. Kila mmoja wa familia aanze na mpangilio wake, abadilishe majirani, aandike mwendo wa kila hatua. Nani amenasa bondeni?
3. Je, kuna mpangilio unaoigusa sakafu? Ukiupata, kwa nini huna haja ya kutafuta zaidi?

Wazazi, tafadhali fanyeni zoezi hili kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Maneno kama zidisha, jumlisha, jozi na umbali hayazoeleki kwa kuyasoma tu.

Msamiati wa wiki

Mpangilio: namna vitu vilivyowekwa.
Jozi: vitu viwili vinavyokwenda pamoja.
Namba kamili: namba isiyo na desimali wala sehemu.
Kukaribia: kufika karibu na kitu bila lazima ya kukigusa.
Mhunzi: fundi anayefua vyuma.
Mwiko: jambo lililokatazwa, pia kijiko kikubwa cha mti cha kupikia.
Sakafu: sehemu ya chini ya chumba, katika hesabu zetu, namba ambayo jibu haliwezi kwenda chini yake.

Majibu (msichungulie kabla ya kujaribu)

Sakafu ni 10 + 6 + 5 + 4 + 4 + 3 = 32. Mpangilio M, D, J, U una mwendo wa 32 kamili. Umegusa sakafu, kwa hiyo hakuna mwingine unaoweza kuushinda.